Deni Hulipwa na Mshahara wa Kwanza, Si wa Balozi

Matokeo ya kidato cha sita yakishatangazwa, kijana aliyesoma tahasusi za HGL, HGK au HGE huwa na wiki chache tu za kuchagua kozi, na katika wiki hizo uhusiano wa kimataifa hutajwa kwa matumaini makubwa. Ninawaelewa wanaoichagua. Ni elimu inayomwonyesha mtoto wa Newala au Kahama kwa nini vita vya mbali hupandisha bei ya mbolea kijijini kwao, mikataba hufungwaje, na nchi yenye uchumi mdogo hujiteteaje mbele ya wakubwa. Nchi yetu inawahitaji watu wenye elimu hiyo.

Sina nia ya kumkatisha tamaa mtu. Ninachotaka ni hesabu ipigwe sawasawa, kwa sababu familia nyingi hulinganisha mkopo na mshahara usio wake. Wanaulinganisha na mshahara wa balozi, au wa ofisa wa Umoja wa Mataifa aliyekwisha kaa kazini miaka ishirini. Deni halisubiri mshahara huo. Linalipwa na mshahara wa kwanza na mishahara ya miaka saba au minane inayofuata, kipindi kile kile ambacho mhitimu anapanga chumba, anamsaidia mdogo wake ada, pengine anaoa au anaolewa. Huo ndio mshahara wa kuwekwa mezani siku ya kuchagua kozi.

Tuanze na deni lenyewe. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na ikaanza kazi Julai 2005. Hadi 2016 mwajiriwa alikuwa akikatwa asilimia 8 ya mshahara. Sheria ikarekebishwa, makato yakawa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Kulikuwa pia na tozo ya asilimia 6 kila mwaka ya kulinda thamani ya mkopo, ambayo Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuifuta kwenye Mei Mosi ya 2021 jijini Mwanza, na mwaka huo huo adhabu ya asilimia 10 kwa waliochelewa kulipa nayo ikaondolewa. Kilichobaki ni asilimia 1 ya gharama za uendeshaji, inayotozwa mara moja. Mhitimu ana miezi 24 baada ya masomo kabla ya kuanza kurejesha, lakini akiajiriwa mapema makato huanza na ajira.

Sasa tuweke tarakimu. Chukulia chuo chenye ada ya Sh 1,300,000 kwa mwaka. Bumu la chakula na malazi, kwa Sh 10,000 kwa siku na siku 240 za masomo, ni Sh 2,400,000 kwa mwaka. Katika miaka mitatu ada inakuwa Sh 3,900,000 na bumu Sh 7,200,000. Ongeza Sh 900,000 za vitabu na mafunzo kwa vitendo. Jumla ni Sh 12,000,000, na ile asilimia 1 inaifikisha Sh 12,120,000. Wewe weka ada ya chuo chako na kiwango ulichopangiwa, maana si kila mwombaji hupewa mkopo kamili. Ila angalia jambo moja: katika deni hili ada haifiki hata theluthi. Sehemu kubwa ni kula na kulala. Watu hubishana wiki nzima juu ya chuo kipi kina ada nafuu, wakati kinachojaza deni ni siku za kuishi mbali na nyumbani.

Upande wa pili ni mshahara. Chukulia mhitimu amepata kazi serikalini kwa mshahara wa msingi wa Sh 800,000, kiasi kisicho mbali na mahali anapoanzia mwenye shahada. Mfuko wa pensheni wa PSSSF unachukua asilimia 5, yaani Sh 40,000. Bima ya afya asilimia 3, Sh 24,000. Kodi ya mapato, ikikokotolewa kwenye Sh 760,000 zilizobaki baada ya mchango wa pensheni, ni Sh 68,000. Bodi nayo inachukua asilimia 15, Sh 120,000. Makato yote ni Sh 252,000, na mkononi zinabaki Sh 548,000. Kwa Sh 120,000 kila mwezi, deni la Sh 12,120,000 linaisha kwa miezi 101, ambayo ni miaka minane na miezi mitano. Aliyepata kazi akiwa na miaka 26 anamalizana na Bodi akiwa na 34. Mshahara ukifika Sh 1,500,000 makato yanakuwa Sh 225,000 na deni lote linaisha kwa miaka minne na nusu.

Kuna gharama nyingine ambayo haionekani kwenye hesabu hiyo. Mtumishi wa umma hapaswi kukatwa hadi abakiwe na chini ya theluthi moja ya mshahara wake. Kwa mshahara wa Sh 800,000, makato yote yakijumlishwa yasizidi takribani Sh 533,000. Ukitoa Sh 252,000 tulizokwisha kuziona, nafasi ya kukopa benki inabaki ya rejesho la Sh 281,000 kwa mwezi. Mwenzake asiye na deni la Bodi ana nafasi ya Sh 401,000. Kwa hiyo mkopo wa masomo unapunguza pia uwezo wa kununua kiwanja na kuanza msingi katika miaka ile ambayo wafanyakazi wengi hujenga. Hilo lisimshangaze mtu baadaye.

Pamoja na yote hayo, mkopo wa Bodi ni mkopo mzuri, na ninalisema hilo bila kusita. Tozo ile ya asilimia 6 ingekuwepo leo, deni la Sh 12,000,000 lingekuwa likiongezeka Sh 720,000 katika mwaka wa kwanza, sawa na Sh 60,000 kwa mwezi. Nusu ya makato ingekuwa inaishia kwenye tozo. Sasa kila shilingi inayokatwa inapunguza deni. Na kwa kuwa mfumuko wa bei umekuwa karibu asilimia 3 kwa mwaka, shilingi utakazorejesha mwaka wa nane zitakuwa nyepesi kuliko ulizokopeshwa. Hakuna benki itakayokupa masharti hayo. Mwenye kipato kidogo aliyepangiwa mkopo asiukimbie kwa kuogopa neno deni.

Ninachokiogopa ni madeni yanayowekwa juu ya huo. Mzazi aliyestaafu anatoa kiinua mgongo chake kumpeleka mtoto chuo binafsi cha ada mara tatu, kwa shahada ile ile, kwa sababu tu hakupata nafasi kwenye chuo cha umma. Mwingine anauza shamba. Mwanafunzi naye, bumu likichelewa, anakopa kwa hawa wa kausha damu wanaotaka riba kila wiki. Mshahara wa mwanzo wa kada hii hauwezi kubeba mizigo hiyo. Kwa fani zenye njia fupi kati ya chuo na ajira, kama baadhi ya fani za afya, familia inaweza kujikaza ikijua fedha itarudi. Kwa uhusiano wa kimataifa njia ni ndefu, na msimamo wangu ni huu: isome kwa ada ya chuo cha umma na mkopo wa Bodi, au kwa fedha ambayo familia haitaililia ikichelewa kurudi. Nje ya hapo chagua kozi nyingine.

Kwa wasomaji wa Kenya hesabu ina sura tofauti. HELB, bodi ya mikopo ya huko, hutoza riba ya asilimia 4 kwa mwaka kwa shahada ya kwanza, muda wa kusubiri ni mwaka mmoja, na asiyelipa hupigwa faini ya KSh 5,000 kila mwezi. Linganisha viwango hivyo viwili. Kwa deni la KSh 200,000, riba ni KSh 8,000 kwa mwaka. Faini ya miezi kumi na miwili ni KSh 60,000. Kinachomwangamiza mhitimu asiye na kazi ni kunyamaza. Akiiandikia HELB mapema na kupanga kulipa hata kidogo, anaokoa fedha nyingi kuliko angeokoa kwa kutafuta mkopo wenye riba ndogo. Tena tangu mfumo mpya wa ufadhili ulipoanza mwaka 2023, gharama ya kozi hugawanywa kati ya ruzuku, mkopo na mchango wa familia. Mahakama Kuu iliutangaza mfumo huo kuwa kinyume cha Katiba Desemba 2024, kisha Mahakama ya Rufaa ikasimamisha utekelezaji wa hukumu hiyo. Katika hali hiyo, barua ya ufadhili isomwe mstari kwa mstari: kipi umepewa, kipi umekopeshwa, na kipi mzazi atalipa kila muhula.

Sasa tuje kwenye kazi zenyewe, na hapa ndipo penye mjadala mzito, kwa sababu deni la shilingi milioni kumi na mbili ni dogo au kubwa kulingana na mlango utakaokufungukia.

Mlango ambao kila mtu anauwaza ni Wizara ya Mambo ya Nje na Ushirikiano wa Afrika Mashariki. Tanzania ina balozi zaidi ya 40 duniani, na kila ubalozi una maofisa wachache tu kutoka nyumbani. Nafasi za Afisa Mambo ya Nje hutangazwa kupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na zikitangazwa huwa chache mbele ya wahitimu wa miaka mingi wanaozisubiri. Anayeipata huanzia makao makuu Dodoma kwa mshahara wa kawaida wa utumishi wa umma. Posho ya utumishi wa nje, ambayo ndiyo hubadili maisha ya mwanadiplomasia, huja anapopangiwa kituo nje ya nchi. Atakayesoma kwa kulenga mlango huu peke yake amejiwekea matumaini yasiyotosha kulipia deni.

Mlango wa pili ni mashirika ya kimataifa na asasi za kiraia. Kwa miaka mingi huu ndio uliowalipa vizuri wahitimu wa kada hii Dar es Salaam, Arusha na Nairobi. Mwaka 2025 ulipata pigo. Serikali ya Marekani ilivunja USAID, na kuanzia tarehe 1 Julai mwaka huo shirika hilo halikuendelea tena na miradi yake. Asasi zilizokuwa zikiishi kwa ruzuku yake zilipunguza watu au kufunga. Umoja wa Mataifa nao, ukiwa na uhaba wa fedha, ulianza kupunguza bajeti na nafasi. Ni kweli kwamba baadhi ya mashirika yake yamepanga kuhamishia ofisi zaidi Nairobi, lakini ofisi inayohamia huja na watu wenye uzoefu, na sokoni wapo watu wa miradi iliyofungwa wanaogombea nafasi zile zile. Mhitimu mpya anaingia kwenye usaili akiwa anashindana na mtu mwenye miaka kumi kazini. Anayekupa takwimu za mishahara ya mashirika haya za kabla ya 2025 anakupa picha ya soko ambalo limebadilika.

Arusha kuna Sekretarieti ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Ajira zao zina hadhi na malipo mazuri, ila nyingi zinadai uzoefu wa miaka kadhaa, na katika Jumuiya nafasi hugawanywa kwa kuangalia uwiano wa nchi wanachama, ambazo sasa ni nane. Hizi ni kazi za kuwaza ukiwa na miaka 32, baada ya kujenga jina mahali pengine.

Mahali pengine hapo ndipo vijana wengi hawapaangalii, nami ningependa wapaangalie kwanza. Bandari ya Dar es Salaam inahudumia mizigo ya Zambia, Rwanda, Burundi, Uganda, Malawi na Kongo. Tangu Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, mtu anayejua kanuni za asili ya bidhaa, anayesoma mkataba wa biashara akauelewa, na anayeweza kuongea Kifaransa na mteja wa Lubumbashi, ana kazi ya kufanya kwenye kampuni za forodha na usafirishaji. Kuna cheti cha Jumuiya cha utendaji wa forodha na uwakala wa mizigo, ambacho hapa nchini hutolewa na Chuo cha Kodi. Ni mafunzo ya muda mfupi na ada yake hailingani na ya shahada. Shahada ya uhusiano wa kimataifa pamoja na cheti hicho inaeleweka kwa mwajiri wa Kurasini au Tunduma. Shahada peke yake, mara nyingi, humlazimu mhitimu kueleza alisomea nini.

Hapo ndipo ninaporudi kwenye bumu. Mwanafunzi anayekaa nyumbani kwa wazazi au kwa shangazi mjini, ambaye chakula na kitanda havimgharimu sana, ana fedha mkononi ambayo hata hivyo atailipa. Asiimalize kwenye simu na viatu. Ailipie Kifaransa Alliance Française kuanzia mwaka wa kwanza, na kabla ya kuhitimu afanye mtihani wa DELF, ambao cheti chake hakiishi muda. Anayependa Kichina ana Taasisi za Confucius pale UDSM na UDOM. Lugha ya tatu hupatikana kwa miaka mitatu ya subira, na muda huo anao sasa kuliko atakavyokuwa nao baadaye. Asiyependa lugha ajifunze takwimu: kutumia programu za kuchambua data, kuandika ripoti yenye majedwali yanayosomeka. Kwenye kazi za miradi ofisa wa ufuatiliaji na tathmini huhitajika hata ruzuku inapopungua, kwa sababu mfadhili aliyebaki anataka kuona matokeo ya fedha yake.

Wamarekani wana tovuti ya serikali iitwayo College Scorecard, ambamo mtu anaweza kuona wahitimu wa kozi fulani ya chuo fulani walikopa kiasi gani na wanalipwa kiasi gani. Hatuna kitu kama hicho kwa kila kozi ya vyuo vyetu, kwa hiyo kazi hiyo utaifanya mwenyewe, na inawezekana kwa wiki mbili. Fungua tovuti ya Sekretarieti ya Ajira usome matangazo ya mwaka mzima uliopita. Andika kila nafasi inayotaja uhusiano wa kimataifa au diplomasia, idadi ya watu wanaotakiwa, na ngazi ya mshahara iliyotajwa. Andika pia ni shahada zipi nyingine zinakubaliwa kwa nafasi hiyo hiyo, maana utakuta mara nyingi mwenye sheria, uchumi au sayansi ya siasa hafungiwi mlango. Kisha ingia LinkedIn utafute waliohitimu kozi hiyo kwenye chuo unachokitaka miaka mitatu hadi minne iliyopita. Wapo wapi? Wanafanya nini? Kumbuka kwamba waliopata kazi nzuri ndio hujitangaza. Ambao hawamo, wahesabu pia.

Halafu zungumza na watatu au wanne uso kwa uso au kwa simu. Usiwaulize kama kozi ni nzuri, kwa sababu mtu aliyeipa miaka mitatu ya ujana wake ataitetea. Waulize walikaa muda gani bila mshahara baada ya kuhitimu, kazi ya kwanza ilikuwa ipi, kilichobaki mkononi mwezi wa kwanza kilikuwa kiasi gani, na ujuzi upi ndio uliomshawishi mwajiri. Swali la kwanza ndilo lenye uzito kuliko yote. Mwaka mmoja bila kipato haurudishwi na nyongeza ya mshahara ya mwaka wa pili, na wakati huo mzazi ndiye anayeendelea kulisha.

Baada ya kazi hiyo, wengine wenye ufaulu wa kuingia kwenye uchumi, takwimu au sheria watagundua kwamba wanaweza kuanza na shahada hizo na uhusiano wa kimataifa ukaja kwenye shahada ya uzamili. Ningekuwa nazungumza na mdogo wangu mwenye alama nzuri za hisabati, ningemshauri hivyo hivyo. Kwa yule ambaye moyo wake uko kwenye historia na siasa, na alama zake ziko huko, sitamlazimisha kwenda kuteseka na kozi asiyoiweza. Chuo cha Diplomasia cha Kurasini, kilichoanzishwa mwaka 1978 kwa ushirikiano wa Tanzania na Msumbiji na ambacho sasa kinabeba jina la Dkt. Salim Ahmed Salim, kimewafundisha wengi waliolitumikia taifa kwa heshima. Aende, ila aende na mpango wa ujuzi wa pili kuanzia muhula wa kwanza.

Neno kuhusu kujitolea. Baada ya chuo wengi huambiwa wajitolee ili wapate uzoefu, na wapo wanaomaliza miaka miwili ofisini kwa nauli tu. Kujitolea kuwe na mwisho unaojulikana, kazi inayotajwa kwa maandishi, na mtu wa kukusimamia atakayeweza kukuandikia barua. Miezi sita inatosha. Mafunzo ya kazi ndani ya Sekretarieti ya Umoja wa Mataifa hayana malipo, kwa hiyo anayekwenda Nairobi au Geneva ajue nani atamlipia pango. Mpango wa UN Volunteers ni afadhali kwa sababu hutoa posho ya kujikimu. Upo pia mtihani wa vijana wa Umoja wa Mataifa, YPP, kwa wasiozidi miaka 32 kutoka nchi zilizoalikwa mwaka huo. Orodha ya nchi hubadilika, basi itazamwe kila mwaka.

Wapo watakaosema dawa ni shahada ya uzamili ya nje, na hapa ninaomba nisikilizwe kwa makini. Kwenye vyuo vikubwa vya Marekani vya fani hii, kama Johns Hopkins SAIS, Georgetown na Columbia, ada peke yake inazidi dola 60,000 kwa mwaka, na kozi huwa ya miaka miwili. Mwanafunzi wa kigeni hana haki ya mkopo wa serikali ya Marekani. Akihitimu hupata ruhusa ya kufanya kazi kwa miezi 12. Nyongeza ya miezi 24 ni ya fani za sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, na uhusiano wa kimataifa kwa kawaida haumo. Kazi za wanadiplomasia wa nchi hiyo ni za raia wake. Kwa hiyo atakayekopa dola laki moja kwa jamaa wa ughaibuni au kwa kampuni binafsi ya mikopo ana mwaka mmoja tu wa kutafuta mshahara wa dola, kisha atarudi kulipa deni la dola kwa mshahara wa shilingi. Sijaona hesabu inayolihalalisha jambo hilo. Nenda kwa ufadhili kamili au subiri. Chevening ya Uingereza inadai uzoefu wa kazi wa saa 2,800, takribani miaka miwili, na urejee nyumbani kwa miaka miwili baada ya masomo. Fulbright, DAAD ya Ujerumani, Erasmus Mundus na ufadhili wa serikali ya China nazo huchukua watu wa kada hii. Miaka miwili ya kazi kwanza, hata kazi ndogo bandarini, inakufaa mara mbili: inapunguza deni la Bodi na inakufungulia ufadhili.

Kwa atakayejiajiri, masharti ya Bodi ni asilimia 10 ya kipato kinachotozwa kodi, na kisipungue Sh 100,000 kwa mwezi. Mwajiriwa makato yake hufuata mshahara. Malipo ya aliyejiajiri yana sakafu. Kwa mwenye duka linalomwachia Sh 300,000 kwa mwezi, hiyo ni theluthi ya alichonacho. Kabla miezi 24 haijaisha, panga malipo na Bodi na uyaweke kwenye bei na matumizi ya biashara yako kama unavyoweka pango.

Kwa aliyekwisha ajiriwa, kila mwezi soma hati ya mshahara. Sheria inamtaka mwajiri kuitaarifu Bodi ndani ya siku 28 kwamba amemwajiri mhitimu, na kupeleka makato baada ya mwezi kuisha. Wapo waajiri wadogo wanaokata bila kupeleka, na fedha isiyofika Bodi haipunguzi deni lako. Omba taarifa ya deni kutoka Bodi angalau mara moja kila mwaka, uilinganishe na hati zako moja moja. Ukiona pengo la mwezi, peleka nakala wakati mwajiri bado yupo na mhasibu bado anakumbuka, kwa sababu pengo la miaka mitatu kwenye kampuni iliyokwisha funga ofisi utalibeba wewe kulithibitisha.